Bunduki Niliyomchagulia Dada Yangu

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mithali hii naijua tangu utoto wangu, wala sikudhani kwamba siku moja nitafundishwa maana yake katika misitu ya Uswidi, mbali sana na kwetu Machakos, kwa sababu ya bunduki niliyoichagua mimi, na bega lililoichukua halikuwa langu. Napenda kuwasimulia wasomaji jambo hilo, maana nadhani lina faida hata kwa mtu asiyewinda.

Dada yangu mkubwa aliolewa na Mswidi, nao wakaa katika jimbo la Jämtland, karibu na mji wa Östersund. Watu wa huko, waume kwa wake, huwinda mnyama ambaye wao humwita älg, na Wamarekani humwita moose. Mimi nitamwita musi. Ni mnyama wa miguu mirefu na pua kubwa iliyoinama, na dume lake huota pembe pana kama viganja vya mikono. Dume zima huko Uswidi laweza kufika kilo 500, na mabega yake hufika kimo cha mtu mrefu au kumpita. Kwetu wa kufananishwa naye ni pofu, ingawa pofu dume huweza kumzidi uzito.

Sisi Kenya hatuwindi tena, kwa kuwa Serikali ilipiga marufuku mwaka 1977. Lakini Uswidi musi ni wengi mno, hata hula vichipukizi vya misonobari iliyopandwa na kuleta ajali barabarani. Katika mwaka 1982 peke yake waliuawa zaidi ya 170,000. Hata hivyo si kila apendaye aweza kushika bunduki na kuingia msituni. Tangu mwaka 1985 mwindaji mgeni hana budi kufaulu mtihani, wa maandishi na wa kulenga shabaha.

Mwaka 2018 dada yangu aliufaulu mtihani huo, akaniandikia: "Mdogo wangu, sasa nataka bunduki yangu mwenyewe. Mimi ndiye nitakayetembea na mbwa, nayo ni kazi ya kutwa nzima, kupanda vilima na kuvuka vinamasi. Bunduki za nyumbani hapa ni nzito. Wewe ni mtu wa hesabu. Nitazamie iliyo nyepesi na yenye nguvu."

Hapa yanipasa kueleza desturi yao. Wawindaji huwa kundi. Wengine huketi kimya, kila mtu mahali pake, wakingoja mnyama apite. Mmoja huenda na mbwa, naye mbwa hufunguliwa, humtafuta musi, na akimpata humbwekea na kumzuia mpaka bwana wake anyatie karibu. Basi aketiye hana haja kubwa ya bunduki nyepesi, kwa maana mti humsaidia kuichukua. Atembeaye na mbwa ndiye ambaye kila nusu kilo humwuma bega ifikapo alasiri. Kwa hiyo ombi la dada yangu lilikuwa la haki.

Mimi ni karani wa Serikali, na karani akipewa karatasi hupiga mistari. Nikafanya safu: uzito wa bunduki, upana wa tundu ya mtutu, uzito wa risasi, mwendo wake, nguvu yake, na bei. Nikaitazama na sheria ya Uswidi. Sheria hiyo yasema kwamba risasi ya kumpigia musi ikiwa na uzito wa gramu 9 lazima iwe na nguvu ya jouli 2,700 ikiwa imekwenda meta 100. Bali ikiwa na gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zatosha. Tena lazima iwe ya namna ya kuchanua ikiingia mwilini, ili mnyama afe upesi.

Nilipomaliza, nikachagua kwa fahari. Nilimwambia anunue bunduki yenye uzito wa kilo 2.7, ya risasi iitwayo .300 Winchester Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1963. Nguvu yake ilikaribia mara mbili ya kima cha sheria. Wepesi upo, nguvu ipo. Nikajiona nimemaliza kazi. Safu moja tu sikuiandika, nayo ni safu ya bega.

Mwezi wa Septemba 2019, nikiwa katika livu yangu, nilikwenda kumtembelea, maana ndio mwezi ambao uwindaji wa musi hufunguliwa upande ule wa kaskazini. Siku mbili kabla ya kuwinda tulikwenda uwanja wa shabaha. Huko pana sanamu ya musi, mbali meta 80, ambayo husimama, kisha hukimbia juu ya reli. Dada yangu alipiga risasi ya kwanza, ikaingia mahali pema, nyuma ya mguu wa mbele. Bunduki ikamsukuma hatua nzima nyuma. Risasi ya pili, nikamwona anafumba macho kabla haijalia. Ya tatu, darubini ikamgonga juu ya jicho, damu ikatoka. Ya nne na ya tano ziliingia tumboni mwa sanamu.

Mkwewe, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alimnyoshea bunduki yake ya zamani ili aijaribu. Dada akaikataa kwa adabu, akasema, "Ahsante, baba, lakini hii mdogo wangu ameipigia hesabu. Nitaizoea." Mzee akanitazama. Nami, kwa aibu ya kukiri kosa mbele ya watu, nikasema, "Ndiyo, dada, utaizoea." Maneno hayo nayajutia hata leo.

Siku ya kwanza ya kuwinda, kabla ya adhuhuri, mbwa alibweka kwenye bonde. Mimi nilikuwa nyuma ya dada yangu. Tulinyatia mpaka tukamwona musi jike, amesimama ubavu, mbali kama meta 70. Shabaha ambayo aliyefaulu mtihani ule haipasi kuikosa. Nikamwona dada akiinua bunduki, na kabla haijalia nikaona shavu lake likikunjamana kama la mtu angojaye kofi. Bunduki ikalia. Musi akajikunja mgongo, akaingia msituni. Tulipofika mahali pale tukaona damu kidogo iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa. Risasi ilikuwa imepita tumboni.

Sheria ya huko yaamuru kwamba awindaye musi lazima aweze kumpata mbwa aliyefundishwa kufuata damu, naye awe amefika mahali pa risasi katika muda wa saa mbili. Mbwa aliletwa, wa ile aina iitwayo jämthund kwa jina la jimbo hilo. Tulimfuata mnyama yule kwa muda wa saa tatu. Dada yangu hakusema neno. Mwishowe tulimkuta amelala katika kinamasi, yu hai, anatutazama. Mzee akapiga risasi moja kwa bunduki yake ya zamani, mambo yakaisha. Dada akaketi juu ya gogo akalia, wala hakunilaumu. Afadhali angalinilaumu.

Usiku ule mzee aliiweka bunduki yake juu ya meza, na shemeji yangu akatufasiria. Ilikuwa ya milimita 6.5, risasi ambayo Uswidi na Norway ziliipokea kwa majeshi yao mwaka 1894, zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Risasi yake ni nyembamba lakini ndefu, na ile ya gramu 10.1 yatimiza sheria ya musi. Kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, hupenya sana. Na kwa kuwa baruti yake si nyingi, haimpigi sana mwenye kuifyatua. Mzee akasema kwamba musi hafi kwa ukubwa wa tundu la mtutu, hufa kwa mapafu yaliyotobolewa.

Hapo nikayakumbuka mafundisho ya fizikia ya padre wetu katika shule ya misheni, ile kanuni ya Newton kwamba kila tendo lina tendo la kulijibu, sawa kwa nguvu na kinyume kwa upande. Risasi ikienda mbele, bunduki yarudi nyuma. Risasi ikiwa ile ile, ukipunguza bunduki kutoka kilo 4 hata kilo 3, nguvu ya teke lake yaongezeka kwa theluthi. Mimi nilikuwa nimepunguza uzito na kuongeza baruti kwa pamoja, nikamtwika dada yangu teke lililozidi mara mbili lile la bunduki ya mzee. Kanuni nilikuwa nayo kichwani miaka yote, lakini sikuitumia, kwa kuwa bega halikuwa langu.

Tena Afrika yetu ya Mashariki ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi. Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya kuwinda Karamoja huko Uganda, aliua ndovu zaidi ya elfu, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ndogo. Alipasua mafuvu ya ndovu apate kujua hasa ubongo ulipo. Sisemi kwamba kila mtu amwige, maana mkono wake haukuwa wa kawaida, na risasi zake hazikuwa za kuchanua. Nasema tu kwamba alitegemea shabaha, si kishindo. Na marehemu babu yangu, aliyewachukulia wawindaji bunduki katika nyika za Ukambani, alizoea kusema kwamba bunduki nzito huchosha bega, lakini bunduki ya kutisha huchosha moyo.

Wala wakubwa wa tundu si wabaya. Ile ya milimita 9.3, aliyoitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani wa Afrika, yapendwa na Waswidi wengi hata leo kwa musi. Lakini wenye kuipenda huiweka katika bunduki yenye uzito wa kutosha, na huizoeza mikono yao.

Dada yangu aliiuza ile bunduki yangu. Mwaka 2020 alinunua ya milimita 6.5, yenye kilo 3.3 bila darubini. Imezidi ile ya kwanza kwa gramu 600, nazo huzichukua kutwa bila manung'uniko. Kiangazi chote alipiga shabaha, mpaka jicho lake likaacha kufumba. Septemba hiyo aliniandikia barua fupi: "Mdogo wangu, musi dume, meta 60, risasi moja. Alikwenda hatua kama thelathini akaanguka. Teke sikulisikia."

Basi, msomaji, ukimchagulia mtu chombo, kiwe bunduki, jembe au baiskeli, usipime kwa mizani peke yake. Mpe kwanza akishike, umtazame usoni anapokitumia. Na akikuambia "nitakizoea" huku damu yamtoka juu ya jicho, usimjibu kama nilivyomjibu mimi.