Ukirudi Chuo, Nani Anakupokea?

Anayetaka kujua maisha ya chuo yamebadilika kiasi gani asianzie maktaba wala ukumbi wa mihadhara. Aanzie kwenye mizigo. Mtazame mwanafunzi anayerudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya likizo ndefu. Anashuka na godoro lililokunjwa na kukazwa kwa kamba ya katani, ndoo yenye kifuniko, kiroba cha mchele kama kwao ni Kyela au cha unga kama kwao ni Iringa, pamoja na hita ya kuchemshia maji aliyoificha katikati ya nguo kwa sababu bwenini hairuhusiwi. Vizazi viwili nyuma, aliyepanda kilima kilipo chuo hicho alihitaji nguo zake tu, na nauli yenyewe ililipwa kwa waranti ya serikali. Kitanda kilikuwa kinamngoja, na chakula cha asubuhi, mchana na jioni kilikuwa kinamngoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote za Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa: zamani chuo kilimpokea mwanafunzi, leo mwanafunzi anajipokea mwenyewe. Na nadhani tumelichukulia badiliko hili kama jambo la starehe, kwamba watoto wa siku hizi wamekosa kudekezwa, wakati ni jambo la masomo.

Tukumbuke lilikotoka. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi ambao hata 20 hawakufika. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoziunganisha Dar es Salaam, Makerere na Nairobi. Mabweni yalijengwa sambamba na madarasa, kwa sababu haikuwezekana kumfikiria mwanafunzi asiyelala chuoni. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake juu ya jambo hili: kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja akiba yote ya chakula iliyobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, amewasaliti. Basi sahani ya wali iliyopakuliwa kafeteria haikuwa ya bure hata siku moja. Ilikuwa na masharti, ila masharti hayo yalidaiwa baada ya kushiba.

Na yalidaiwa kweli. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana walikuwa wamemkumbusha habari ya mishahara ya wakubwa. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena chuo moja kwa moja. Alipita jeshini, akafanya kazi, akapata sifa njema kazini na kwenye chama, ndipo akaomba nafasi. Kwa miaka ile neno “kurudi shule” lilikuwa na maana yake kamili: waliorudi walikuwa watu wazima, wengine na ndoa na watoto. Utaratibu huo uliwaumiza wanawake waziwazi. Idadi yao chuoni ilishuka, na kufikia mwaka 1976 ikabidi waruhusiwe kuingia bila kungoja miaka ya kazi. Naitaja habari hii kwa sababu ni ushahidi wa mapema wa ninachotaka kusema: sharti la kuingilia chuo, hata likitungwa kwa nia njema na kwa usawa wa maneno, humwangukia kila mtu kwa uzito wake.

Mwishoni mwa miaka ya 80 hazina ilikuwa imekauka, vitanda vimechoka, kafeteria inalalamikiwa. Mei 1990 chuo kikafungwa kufuatia mgomo, kikafunguliwa tena Januari 1991. Muda mfupi baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, hatua kwa hatua: nauli kwanza, kisha ada za usajili, kisha chakula na malazi. Kafeteria zikakabidhiwa wafanyabiashara. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi. Kuanzia hapo mwenyeji wa mwanafunzi akawa bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, na kila aliyepita chuoni anajua jinsi neno hilo linavyoweza kunyamazisha chumba kizima. Chuo kikageuka mwenye nyumba, na serikali ikageuka mkopeshaji. Ule mfano wa kijiji chenye njaa ukahamia kwenye vitabu vya hesabu, kwani tangu mwaka 2016 mnufaika akipata ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake.

Hebu tulipige hesabu hilo bumu, maana mabishano mengi huishia kwenye maneno. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500, na kwa kawaida hutolewa kwa mafungu ya siku 60. Fungu moja basi ni 600,000. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekosa chumba anaingia mtaani: Msewe, Changanyikeni, Makongo, Survey, Sinza. Tuseme amebahatika kupata chumba cha 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja, anataka miezi sita, na dalali anataka ya kwake. Miezi sita ni 480,000. Zinabaki 120,000 za siku 60, yaani 2,000 kwa siku, ambayo kwa mama ntilie ni sahani moja ya wali maharage na pengine kipande cha tikiti. Bado hajapanda daladala, hajatoa kopi ya madesa, hajanunua bando. Na hapo nimechukulia kwamba fedha imeingia siku ya kwanza. Ili asaini bumu lazima awe amesajiliwa, ili asajiliwe lazima awe amelipa kinachotakiwa, na jina lake lisipokuwemo katika awamu ya kwanza atangoja ya pili. Mduara huo ndio unaozaa kubebana.

Kubebana ni taasisi isiyoandikwa popote. Mmoja amepata kitanda cha dabodeka, godoro futi mbili na nusu, na rafiki yake hana pa kulala. Wanalala wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, na wa kitanda cha juu naye ana wake. Chumba cha wanne kinakuwa cha sita, cha saba. Anayebebwa hatundiki nguo kabatini, haaniki taulo lake dirishani, na siku ya msako huamka alfajiri akatoka na begi kama anawahi kipindi cha saa moja. Huyo, niambieni, atasomea wapi? Atasomea kimbweta, zile meza na viti vya saruji chini ya miti, mpaka mbu wamfukuze au mvua imnyeshee. Mwenzake aliyepanga mtaani ana taabu ya aina nyingine. Kikundi cha majadiliano kikikutana saa mbili usiku, yeye anafikiria daladala ya mwisho, na kama ni binti anafikiria pia kichochoro cha kutoka kituoni hadi kwake. Ataondoka mapema. Si kwamba hana bidii. Wiki tatu nne za mwanzo wa muhula, ambamo mhadhiri huweka msingi wa somo, huliwa na kutafuta chumba, kufuatilia jina na kukopa kwa watu. Muhula unapokolea, yeye ndipo anatulia. Tukiona sapu, yaani mitihani ya marudio, mwishoni mwa mwaka tunasema hakujituma.

Watu makini hunijibu kwa idadi. Husema huwezi kulinganisha chuo cha wanafunzi elfu tatu hivi, kama kilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 80, na chuo cha leo chenye makumi ya maelfu. Usawa wa zamani ulikuwa usawa wa wachache waliochujwa, na kuwapakulia wali watu wote hawa na kuwapa vitanda ni ndoto. Hoja hii ina nguvu, na nusu yake naikubali. Mimi mwenyewe sidai kafeteria ya bure irudi. Afadhali wengi wanaohangaika kidogo kuliko wachache walioshiba, wengine wakibaki nje ya lango. Lakini nusu ya pili, kwamba vitanda haviwezekani, imeshakanushwa na matofali. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua pale Mlimani mabweni ya majengo 20 yenye nafasi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo ndani ya mwaka mmoja tangu ahadi itolewe. Mradi mmoja huo ungeweza kuwalaza wanafunzi wote wa chuo wa enzi zile na nafasi zikabaki. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho, kilichoanzishwa 2007 kikilengwa kuchukua wanafunzi 40,000, kilipangwa tangu mwanzo na mabweni yake. Kwa hiyo vitanda huwezekana pale mtu mwenye kauli anapoamua. Tatizo ni kwamba idadi ya wanaodahiliwa huamuliwa kwanza, na vitanda hufikiriwa baadaye, kana kwamba mwanafunzi huja na chumba mgongoni kama kobe na gamba lake.

Wapo pia wanaosema shida hizi ni shule nyingine. Kijana anayepanga chumba, akapika, akapanga bajeti ya siku 60, anatoka mtu kamili kuliko yule aliyekuwa akipakuliwa na kufuliwa shuka. Nimewasikia wazazi wakilisema hili kwa fahari, hasa wale ambao wao wenyewe walipakuliwa. Ukweli upo: mwanafunzi wa leo anaijua bei ya nyanya, na wengi wana biashara ndogo za mitumba, vocha au keki zinazowaweka mjini. Ila kujitegemea hufunzwa na kidogo chenye uhakika. Ukijua tarehe fulani utapata kiasi fulani, utajifunza kupanga. Usipojua tarehe, unachojifunza ni kukopa, kudanganya wanaokudai na kula fedha yote siku inapoingia, maana nusu yake ni ya madeni. Tena shule hiyo haiwachagui wote sawa. Aliye na shangazi Mbezi Beach haisomi. Anayeisoma vizuri ni yule aliyetoka Kibondo au Ludewa, asiye na ndugu mjini, ambaye mikopo hii ilitungwa kwa ajili yake.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanawake waliosoma enzi zile. Wao hutuuliza tunaposifu udugu wa zamani: udugu wa nani? Mlimani ile ile ya chakula cha bure ndiyo ya Mzee Punch, genge la siri lililobandika ukutani michoro na maandishi ya kuwadhalilisha watu, wasichana hasa, na kuamuru kila mtu awatenge waliotajwa. Mwanzoni mwa mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo, na ndipo Punch ikapigwa marufuku. Kwa hiyo chuo kilimpa kila mtu kitanda, lakini hakikumpa kila mtu amani ya kukilalia. Hilo sina la kulijibu, ila kulikubali. Na nikilikubali naona jambo ambalo wasifiaji wa zamani hawalioni: kupokeana kwa wanafunzi wenyewe kumekuwa kwema zaidi. Tangu stendi kuu ihamishwe kutoka Ubungo, jirani kabisa na chuo, kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, mgeni anashushwa mbali. Lakini kabla hajashuka ameshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanaotoka mkoa wake au la jumuiya ya dini yake, na mtu anamsubiri. Mwaka wa tatu anambeba wa mwaka wa kwanza asiyemjua kwa jina la ukoo. Wanafunzi wameziba kwa utu pengo lililoachwa na chuo, na sisi tumelitumia pengo lililozibwa kama ushahidi kwamba halikuwepo.

Yanayoweza kufanywa hayahitaji azimio jipya. Vyuo na Bodi ya Mikopo wakae meza moja wapange tarehe mbili, ya kufungua chuo na ya kuingiza fedha, na ya pili itangulie ya kwanza angalau kwa wiki mbili. Nafasi za mabweni, ambazo kwa kawaida hupewa kwanza wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu, zitangazwe kwa wanaoendelea kabla ya likizo kuanza, ili anayekosa akose akiwa bado ana miezi ya kutafuta. Udahili wa mwaka unaofuata utajwe pamoja na idadi ya vitanda, zisomwe tarakimu mbili kwa pamoja. Nanyi wenye nyumba wa Msewe, Changanyikeni na Makongo, mnaoishi na vijana hawa na mnaowajua kuliko wizara inavyowajua: bumu huja kila baada ya siku 60. Pokeeni kodi ya miezi miwili miwili.