Kaka Yangu Hataki Harrier

Mama amesema Harrier. Shangazi, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, amesema Harrier, tena nyeupe. Mchungaji alikuwa ameitwa kuombea chakula tu, lakini baada ya amina akakumbuka kwamba kuna muumini wake kule Uthiru anayeuza Harrier safi, mwenyewe ni mwanamke, haendi nayo popote ila kanisani na sokoni. Wifi yangu hakutia neno. Aliendelea kupakua mukimo, na sisi tunaomjua tukaelewa kwamba hiyo nayo ni kura.

Mwenye gari hakuulizwa. Kaka yangu mkubwa, miaka hamsini na mitatu, mtu aliyejenga, akasomesha, akazika wazee wetu bila kupitisha mchango, alikaa pale kwenye kochi lake mwenyewe, Lavington, akikunja na kukunjua kitambaa kama bwana harusi anayepangiwa mahari na wajomba. Nimerudi Reading, Uingereza, na bado roho inaniuma kwa niaba yake.

Gari linalotafutiwa mrithi mnalijua hata kama hamjaliona: Subaru Impreza WRX, nambari za KAN, buluu, rimu za rangi ya dhahabu. Aliyekuwa Nairobi mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns aliposhinda kwa Impreza nyingine, hana haja ya kuuliza kwa nini buluu na kwa nini dhahabu. Tena tulikuwa na Patrick Njiru wetu, ambaye kila mtoto wa mtaani kwetu aliapa kwamba ni rafiki ya mjomba wake. Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, kaka alinuna kana kwamba amefutwa kazi. Iliporudi 2021 alikuwa na watoto waliokwisha kumpita urefu, lakini Impreza ilioshwa na ikapelekwa Naivasha kuona wenzake.

Na ule mlio. Injini ya Impreza ina silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, na kwenye hizi za zamani mabomba yanayotoa moshi pande hizo mbili hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja unafika kwenye makutano ukiwa umechelewa kidogo, ndipo unapopata ule mngurumo wa kudundadunda. Mama husikia gari likiwa bado linakata kona ya James Gichuru, akainuka kuinjika chai. Yeye huyo huyo ndiye anayesema Harrier.

Gari lenyewe halina neno. Lenye neno ni mgongo wa kaka. Springi ngumu, viti vya kukumbatia, matuta ya Kileleshwa ambayo hakuna anayejua nani aliyaweka wala usiku upi. Daktari ameangalia picha akamwambia achague. Hapo ndipo ukoo ulipoona mlango uko wazi ukaingia wote.

Mimi huku, wakati huohuo, nilikuwa kwenye msiba wangu mdogo. Kigari changu cha viti viwili, paa la turubai, kilikuwa kimeanguka ukaguzi wa MOT. Waingereza humwaga chumvi barabarani msimu wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula chuma kimyakimya kuanzia chini. Fundi alisukuma bisibisi kwenye ukingo wa chini ya mlango ikazama hadi mpini. Akaniangalia kwa huruma iliyopimwa, akaandika kwenye kompyuta, na dakika ileile ulimwengu mzima ukajua. Simzulii mtu: ukiwa na nambari ya gari lolote Uingereza, unaingia kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, unasoma lilianguka ukaguzi gani, mwaka gani, kwa sababu gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi siku hiyo, kurudi nyuma hadi 2005. Hata gari la jirani. Hasa gari la jirani.

Kwa hiyo mrithi wa changu nilimtafuta kitandani, simu mkononi, nikisoma dhambi za magari ya watu nisiowajua. Nilipopata moja la maana nikapanda treni hadi kijiji kimoja cha Wiltshire. Mzee mstaafu alinipokea kituoni, akanipeleka kwake, akaweka chai mezani na faili mbili nene. Kila risiti imo. Kila plagi iliyobadilishwa. Alikuwa na daftari dogo ambamo ameandika, kwa penseli, upepo wa kila tairi na tarehe aliyoupima. Kabla sijauliza chochote, alinipeleka nyuma ya gari akapiga goti, akanionyesha kwa kidole mahali rangi ilipoanza kuvimba. "Hapa patakusumbua," akasema, "labda mwaka kesho." Halafu akaanza kunihoji yeye. Litalala wapi usiku? Nitaliendesha mvua ikinyesha? Nina watoto? Nilijibu kama niko ubalozini naomba viza.

Wakenya wenzangu, hebu niambieni ni lini mmeuziwa gari na mtu aliyewaonyesha kutu.

Kwetu historia yote ya Impreza ya kaka iko kwenye kichwa cha mtu mmoja, fundi wake wa Dagoretti Corner, na kichwa hicho hakina tovuti. Anajua klachi iliwekwa lini, anajua pua ya kushoto ilipakwa rangi baada ya kugongana na matatu, anajua ni spea zipi za kweli zilitoka Japani na zipi zilitoka Kirinyaga Road zikiwa na jina la Japani. Juu ya kila taa na kila kioo cha pembeni nambari ya gari imechongwa, kwa sababu ya Kirinyaga Road hiyohiyo, ambako unaweza kwenda kununua kioo ukauziwa chako. Ukinunua gari lile kwa kaka bila kumpata na fundi wake, umenunua nusu.

Lakini Wiltshire sikununua. Lile gari lilikuwa la mwaka 2000, na binamu yangu anaishi Croydon, London. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 London yote imo ndani ya mpaka wa ULEZ, ukanda wa kutoza magari ya moshi mchafu, na gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi, ambacho wengi hukihesabu kuanzia magari ya 2006, linatozwa pauni 12.50 kila siku linapowasha moto humo. Likifikisha miaka arobaini linasamehewa, linaitwa la kihistoria. Langu lingekuwa limezeeka kiasi cha kutozwa na halijazeeka kiasi cha kuheshimiwa. Kisha ikaja bima. Tovuti ikaniuliza kazi yangu, mtaa wangu, gari linalala barabarani au gereji, ikafikiri sekunde tatu, ikataja bei ambayo ilinifanya nifunge simu nikaoge. Huku hakuna shangazi. Anayekukataza gari ni fomu, na fomu haibembelezwi kwa soda.

Hilo sikulalamikia sana, nakiri. Fomu haijui kama mimi ni mama wa watu, haisemi "kwa umri wako". Hakuna mtu Reading anayejali naendesha nini. Jirani yangu wa miaka yote hii anajua tu kwamba gari langu ni dogo, kwa sababu lake linapata nafasi.

Jumamosi kabla ya kupanda ndege, kaka alinichukua tukazunguka yadi: Ngong Road, tukapenya Kilimani, tukarudi kwa juu hadi James Gichuru. Yadi zote ni moja. Magari meupe, magari ya fedha, jeusi moja la mheshimiwa. Harrier, CX-5, X-Trail, Vezel, yamepangwa pua barabarani na vumbi limefutwa asubuhi hiyo. Kijana wa yadi ya kwanza, shati limechomekwa, viatu vimechongoka, alimwona kaka akishuka kutoka Impreza akatabasamu kama anayeona albamu ya picha za zamani. Akampigia saluti: "Mzee, hiyo ilikuwa moto enzi zake." Enzi zake! Injini bado inapumua pale nje.

Kaka aliuliza kama wana la gia za mkono.

"Mzee, gia za mkono ni pikapu."

Akaanza kutuonyesha Harrier. Viti vya ngozi, kamera ya nyuma, paa la kioo. Hakutaja hata mara moja jinsi gari linavyokwenda, wala kaka alipouliza hakuelewa swali. Alijibu lingine, lile ambalo nilikuwa nimelisikia kwa mama, kwa shangazi na kwa mchungaji: "Hii ukiipiga picha asubuhi ukaweka kwa WhatsApp, saa kumi imeenda." Yaani gari halijanunuliwa na tayari limekwisha kuuzwa. Kaka yangu anatakiwa achague rangi ya kumpendeza mtu asiyemjua, atakayekuja miaka mitano ijayo akiwa na pesa taslimu na mdomo wa kulalamika. Ndiyo maana Nairobi imejaa magari meupe. Sote tunamwekea yule bwana gari lake safi.

Nitaambiwa nimekaa ng'ambo nimesahau. Sijasahau. Baba alipolazwa, Peugeot 504 yake iliuzwa ndani ya siku tatu, na hospitali ikalipwa, na hakuna aliyeuliza kama ilikuwa ikikata kona vizuri. Gari kwetu ni karo, ni kitanda cha wagonjwa, ni fidia ya biashara iliyokufa. Mtu mwenye bima ya afya ya kuaminika ndiye anayeweza kupenda gari lisilouzika. Hoja hiyo naikubali mpaka katikati. Lakini huyu wa kwetu nyumba ameimaliza, watoto wawili wameshahitimu, na amekuwa akiwabeba nyinyi nyote mazishini kwa gari hilohilo mnalosema ni la vijana, sasa ni lini hasa atafikia umri wa kupenda kitu?

Kwenye yadi ya mwisho palikuwa na WRX S4. Nyeupe, bila shaka. Kaka aliomba ufunguo. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama nje, mkono ndani ya dirisha, akawasha, kisha akaenda nyuma ya gari akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, sikio karibu na bomba. Akakaa hivyo kwa muda. Kijana akaniangalia, nami nikaangalia barabara. Kaka alirudi akazima.

"Imenyamaza," akasema, na tukaenda kula.

Shangazi alikuwa na wazo lake la akiba: kwa nini mimi nisirudi nyumbani nikaja na gari bila ushuru? Ameniuliza hivyo tangu nilipoondoka. Nilimweleza tena kwamba lazima niwe nimelimiliki na kulitumia huku si chini ya mwaka mzima, na lazima niwe narudi kweli, mimi na vitu vyangu, na kwamba hata la anayerejea haliruhusiwi kupita miaka minane. Alisikia neno moja tu, kurudi, akaanza kupanga chumba.

Miaka minane hiyo ndiyo iliyobana kila kitu. Impreza nyingine kama ya KAN haiwezi kuingia Mombasa tena. Injini ya EJ20, iliyo ndani yake, Subaru waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2020. Zile WRX STI za mwisho za Japani, usukani kulia, gia sita za mkono, zimebaki na muda mfupi sana kabla Kenya haijazifungia mlango kwa uzee. Kaka alikuwa amepiga hesabu hiyo zamani, kimya, wakati wenzake wanabishana kuhusu rangi ya viti.

Jumanne usiku alinitumia picha. Karatasi ya mnada kutoka Japani: STI ya 2019, buluu ileile. Kuna mchoro wa gari limelazwa kama samaki aliyepasuliwa, na juu yake alama ndogo za kalamu, A1 mlango wa kushoto, mkwaruzo. U1 juu ya tairi la nyuma, kibonyeo cha kidole. Daraja 4. Mjapani asiyejua Lavington iko wapi ameandika kila kasoro, kama yule mzee wa Wiltshire, na karatasi hiyo ikifika kwa broka wa Nairobi mara nyingi hupotea njiani. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake VAT ya asilimia 16, na KRA hawahesabu ulichonunulia, wanahesabu bei iliyo kwenye orodha yao. Nilipojumlisha nikajumlisha tena.

Na haingurumi. STI za Japani za miaka hiyo mabomba yake yanalingana. Nilimkumbusha hilo akaniambia fundi wa Dagoretti amekwisha kuliona na amesema aachiwe yeye. Springi ni ngumu kuliko za KAN. Nikauliza, na mgongo? Akajibu kwa kidole gumba, kisha akaandika kwamba wifi hajaambiwa, mama asiambiwe, na upande wa pesa amepungukiwa kidogo tu. Mnada ni Alhamisi. Nimemtumia pauni mia tano.