Kuongeza Mikono

Pale mwaloni Musoma mtumbwi mzito ukikwama mchangani unaita vijana. Wakiwa wanne hausogei. Wakija wanane, huo unapanda. Programu ya kompyuta haina tabia hiyo, na hapo ndipo uongozi unapotutoa jasho.

Tuko watano: wawili Musoma, wawili Bunda, mmoja Butiama. Tunamwandikia mfanyabiashara mmoja programu ya hesabu za duka. Kazi ilipochelewa, tajiri akasema, "Ongeza vijana watano, nitalipa." Nani asingefurahi? Mimi nilikataa.

Hesabu yenyewe nyepesi. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana 45. Tena mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yule yule aliyekuwa anaandika. Mmarekani Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 kule IBM, alishaeleza kitabuni mwaka 1975 kwamba programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, inazidi kuchelewa.

Lakini mwenzetu wa Butiama alininunia. Rafiki yake, hana kazi, angekuwa mmoja wa hao watano. Hapo Brooks hakunisaidia kitu. Tulikaa tukabishana hadi jioni. Tukakubaliana kumwomba tajiri apunguze mahitaji, na yule rafiki aanze nasi kazi ijayo, tangu siku ya kwanza.

Wenzangu mnaoota kuongoza, jifunzeni kompyuta, sawa. Ila kompyuta hainuni. Watu wananuna, na kesho asubuhi mnafanya kazi pamoja.