Kutu na Sumaku

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba nyingi za Uingereza, pampu ndogo huzungusha maji ya moto kutoka boila hadi vipasha-joto vya chuma. Hewa ikipenya majini, chuma huliwa polepole, ukazaliwa unga mweusi. Pampu za kale ziliustahimili. Lakini zilizoenea kwa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2013, ili umeme usipotee, zina sumaku ya kudumu. Sumaku huuvuta unga, pampu ikakwama, na wazee wakatetemeka usiku wa barafu. Kinga yake ni dawa ya kuzuia kutu, na chujio lenye sumaku katika bomba la marejeo, lisafishwe kila mwaka. Sumaku iliyotulia hubeba uchafu ili ile izungukayo ifanye kazi.