Meza ya Biskuti ya Youngstown

Ukibahatika kufika Youngstown, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, utaukuta mji uliokuzwa na viwanda vya chuma cha pua. Pigo liliupata Septemba 19, 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilipotangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Hata hivyo, vijana wa huko hawakuacha kuoana.

Ingia katika ukumbi wa arusi ujionee. Imetandikwa meza ndefu iliyosheheni biskuti za kila namna: pizzelle za Waitaliano, nyembamba zenye nakshi, kolachi za Waslovaki, zenye jozi ndani. Nyingi hazikununuliwa dukani. Shangazi, mama wadogo na majirani wamezioka majumbani mwao kwa majuma kadhaa. Wageni hula, kisha hufungasha.

Ikiwa wapanga arusi huko, hesabu wageni kwanza, maua baadaye, kwa maana chakula cha ukumbini hulipiwa kwa kichwa. Hati ya ruhusa ya mahakama ya mirathi ya kaunti usiiwahi mno. Siku 60 zikipita kabla ya ndoa, umelipa bure. Keki na iwe ndogo, meza itaificha.

Wala usidhani biskuti hizo ni za bure. Siagi ni fedha, na kukesha jikoni ni jasho. Deni lake halilipwi kwa dola: binamu akichumbiwa, bibi arusi wa jana naye hutakiwa alete sinia zake, na hapo udhuru hausikilizwi.