Anga Ilifungwa, Hatukuambiwa Hadi Lini

Tulifika Fundo kwa boti kutoka Wete, mimi na wanafunzi watano, tukiwa na kisanduku chenye ndege ndogo isiyo na rubani. Ni chombo cha povu gumu, chepesi kuliko kuku, ambacho mwisho wa safari huzima injini na kunyiririka taratibu hadi mchangani. Vyombo vya aina hii si vigeni Pemba. Tangu mwaka 2016, katika mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar chini ya Kamisheni ya Ardhi, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walijifunza kuvirusha. Sisi tulikusudia kupiga picha ufuo wa Fundo ili tujue bahari imekula kiasi gani cha ardhi. Kibali tulikuwa nacho, kimepigwa muhuri.

Tulichagua siku zile kwa hesabu ya mwezi. Kazi yetu ilihitaji bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Ukiikosa, wasubiri takriban wiki mbili, na kwa mwanafunzi aliyechanga nauli ya boti na posho ya chakula, wiki mbili ni sawa na muhula mzima.

Asubuhi ya kwanza simu iliita. "Mwalimu, msirushe chochote. Kuna ugeni mkubwa Pemba." Nikauliza marufuku inahusu eneo gani. "Kote." Nikauliza hadi lini. "Mtaambiwa."

Sina ugomvi na ulinzi wa viongozi. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu Marekani nilikuwa na jirani, fundi mabomba mstaafu, ambaye kila Jumapili alirusha ndege isiyo na injini: huvutwa juu kwa kamba, kisha huachiwa itafute hewa ya joto inayopanda, kama mwewe. Huko, Rais anapozuru mji, kwa kawaida anga huwekewa mipaka ya muda katika duara la maili 30 za baharini kutoka alipo, yaani kilomita 55 hivi, na ndege zisizo na injini hutajwa waziwazi miongoni mwa zinazokatazwa. Klabu ya jirani yangu iliwahi kuangukia ndani ya duara hilo. Nilidhani nitamkuta amenuna, nikamkuta gereji akipaka nta mabawa. Alinionyesha karatasi. Saa ya kuanza ilikuwamo, na ya kumalizika pia. Asubuhi walifundisha wanagenzi darasani, alasiri wakaruka.

Karatasi ile ndiyo marubani duniani kote huiita notamu, na inafaa kila mtumishi wa umma aisome japo mara moja. Ni tangazo lenye vipengele vya herufi: A ni mahali, B ni wakati wa kuanza, C ni wakati wa kumalizika, E ni maelezo, F na G ni kimo cha chini na cha juu. Kinachonivutia ni C. Hata pale mamlaka isipojua mwisho kwa yakini, yalazimika kukisia, na kuandika wazi kwamba imekisia, kisha kulifuta au kulibadilisha tangazo kabla saa hiyo haijapita. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika ibara ya 9, unaipa kila nchi haki ya kufunga sehemu ya anga yake kwa usalama wa umma, lakini unataka ukubwa wa sehemu hiyo uwe wa kiasi.

Wala tusiseme haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Obama alipokwenda Nairobi Julai 2015, Wakenya walitangaziwa kuwa anga ingefungwa dakika 50 wakati wa kuwasili na dakika 40 wakati wa kuondoka. Dakika, ndugu msomaji.

Siku ya pili nilishuka ufuoni. Sehemu ya mwamba ilikuwa imefungwa pia, na wenyeji wenyewe, ili pweza wakue. Utaratibu huu ulipata sifa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na leo umeenea katika visiwa vya Pemba. Pweza hukua upesi mno, hivyo miezi mitatu hivi yatosha. Si kwamba hakuna wanaoiba usiku. Wapo, na kamati hugombana nao. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi na kijiti chake kutoka upande ulio wazi aliniamkia, akaniuliza mbona ndege yetu haipai.

"Tumefungiwa anga, bibi."

"Mwafungua lini?"

"Hatujui."

Alinitazama kwa huruma. "Sie twafungua bamvua ya mwezi ujao. Kwani kamati yenu ni ya watu gani, mwanangu?"

Nilikosa jibu, mimi mwenye shahada tatu.

Siku ya tatu redio ilitangaza kwamba mgeni amekwisha kurejea Unguja tangu jana yake. Nilipiga simu. Aliyepokea alikuwa mtu muungwana, na naamini naye alikuwa akingoja simu ya mtu mwingine. "Vuteni subira kidogo, mwalimu." Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye utafiti wake ulitegemea picha zile, aliniuliza iwapo tungerusha tu, kwa kuwa hakuna aliyetuona. Nilimkataza. Sikujua nimfafanulie vipi kwa nini mwenye kibali ndiye anayekaa chini.

Siku ya nne maji yalianza kupungua nguvu, mwamba ukabaki umefunikwa hata saa ya kupwa. Tulirudi Wete na kisanduku kikiwa kimefungwa kama tulivyokwenda nacho. Simu ya kuturuhusu sijaipokea hadi leo ninapoandika.