Dakika Kabla ya Mawe

Jumamosi ya tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, nilikuwa fundi sauti wa filamu ya hali halisi, nikimfuata mpiga picha kuelekea uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano wa kudai vyama vingi, walikuwa wamekwisha kukamatwa siku tatu kabla. Watu walikuja hata hivyo.

Matatu zilipita zikipiga honi, abiria wakinyoosha vidole viwili madirishani, alama ya vyama vingi. Kidole kimoja kilikuwa cha KANU, chama tawala. Vijana walipoiona kamera walijitokeza kwa kelele na mbwembwe. Hatukuwauliza neno. Tulisimama tu, hadi wakatuzoea na kurudi kwenye mambo yao. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Mama mmoja, akifunga mzigo wake wa sukuma wiki, alimgeukia kijana aliyekuwa karibu: "Wewe, mama yako anajua uko hapa?" Kijana akainamisha kichwa.

Kisha, masikioni mwangu, milango ya maduka ikaanza kushushwa, mmoja baada ya mwingine, ikitujia. Watu walitimua mbio kabla ya sisi kumwona askari hata mmoja. Ukalia mlipuko wa gesi ya machozi. Mawe yalifuata baadaye. Mama yule alikuwa ameinamia ndoo yake, akiwalowanishia watu vitambaa vya kufunika pua, awajue asiwajue.

Kituo kimoja cha ng'ambo kilinunua kaseti zetu, kikaonyesha mawe peke yake. Mtazamaji alibaki na kundi la wahuni waliozuka kutoka kusikojulikana. Ghasia zilidumu siku kadhaa, zikafika miji mingine. Watu waliuawa, zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa.

Mwaka 2025 nilitazama filamu ya Blood Parliament ya BBC Africa Eye, iliyochambua maelfu ya picha na video za waandamanaji wa Nairobi wa tarehe 25 Juni 2024 ili kujua ni nani waliofyatua risasi Bungeni. Video hizo zilikuwa na thamani kwa kuwa zilionyesha kipi kilitangulia kipi. Kwa hiyo nawasihi vijana wanaorekodi kwa simu: anzeni mapema, wakati watu bado wanaongea, na msikate mwanzo. Haki ya waliouawa mara nyingi imo humo.